Deki ya Blu-ray, ya DVD, flashi au bando: hela yako iende wapi ukiwa Arusha au Moshi

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilishuka Moshi kwa mama mdogo, Pasua. Alikuwa amenipigia tangu Jumatano. Nikamwamkia, akaitikia, kisha moja kwa moja: "Mwanangu, njoo uniangalizie hii deki, inanikatalia." Nilipofika, mezani kulikuwa na TV ya inchi 43, deki ya Blu-ray ya mtumba yenye plagi ya Uingereza, na katoni ya diski 31. Mwanawe yuko Marekani. Alizinunua moja moja kwa miaka minne, akaziweka hadi alipopata mtu wa kuja nazo.

Niliweka ya kwanza. Deki ikavuta sinia, ikanguruma, ikatulia, kisha kioo kikaandika kwamba diski hii haichezwi katika eneo hili. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu vilevile. Kijana wa nyumba ya jirani, aliyekuja kutusaidia kusogeza meza, akasoma kava ya ile ya tatu akasema, "Bibi, hii mbona ninayo." Akaenda kwao, akarudi na flashi, akaichomeka nyuma ya TV. Picha ilianza kabla hajasimama wima.

Mama mdogo alikuwa bado ameshika kava, na juu yake stika ya bei ya duka la huko. Akaniuliza: "Sasa mwanangu, hili kufuli walimfungia nani?"

Mimi ni fundi. Nina meza yangu Arusha, jirani na soko la Kilombero, na nimekuwa nikifungua deki tangu enzi za VCD. "Fundi, ninunue ipi?" ni swali la kila wiki, na anayeuliza hutegemea nimjibu kwa habari ya picha, ipi inaonyesha vizuri. Picha ni sehemu ndogo ya jibu. Kubwa ni hili: kati ya hela uliyotoa na muvi utakayoiona sebuleni kwako yamesimama makufuli mangapi, na funguo zake anazo nani. Njia tulizonazo huku ni nne, deki ya Blu-ray, deki ya DVD, flashi na bando. Kwenye Blu-ray nitakaa sana, maana ndiko watu wanakoungulia.

Picha kwanza, tuimalize

VCD ilikuwa na nukta 352 kwa 288. DVD ya mfumo wa PAL ina 720 kwa 576. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, ambazo ukizidisha unapata nukta mara tano za DVD. Diski za 4K zina 3840 kwa 2160, mara nne za Blu-ray. Siri iko kwenye mwanga. Deki ya DVD inasoma kwa leza nyekundu, ya Blu-ray kwa leza ya buluu-zambarau ambayo wimbi lake ni fupi zaidi, kwa hiyo inaweza kusoma vishimo vidogo zaidi vilivyobanana. Ndiyo maana safu moja ya DVD inabeba GB 4.7 na safu moja ya Blu-ray GB 25, ikiwa na safu mbili 50.

Sasa rudi sebuleni. TV nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina nukta 1366 kwa 768, hivyo hata ukiilisha Blu-ray inapunguza yenyewe. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye kioo cha namna hiyo, DVD iliyotengenezwa vizuri inakutosha, na simshauri mtu wa TV chini ya inchi 40 aingie gharama ya Blu-ray kwa ajili ya picha. Kuanzia inchi 50 kwenda juu hadithi ni nyingine. Utaona uzi wa shati, utaona jasho, na giza litakuwa giza badala ya vibox vibox vya kijivu. Sauti nayo ni hivyo: Blu-ray inaweza kubeba sauti kamili kama ilivyotoka studio, lakini kwenye sabufa ya kawaida hutaisikia tofauti yake.

Kwa picha na sauti peke yake, Blu-ray inashinda na hakuna wa kubisha. Kama ningeishia hapo ningekuwa nimekuuzia deki, na mwezi ujao ungeniletea mezani ukiwa na hasira.

Makufuli, na kwa nini hayajawahi kushika

Ukimuuzia mtu sanduku lililofungwa, na unataka alifungue kila jioni akiwa kwake, huna budi kumpa na ufunguo. Utauficha ndani ya deki, ndani ya chipu, ndani ya programu. Lakini uko nyumbani kwake, na ana usiku kucha wa kuutafuta. Tena si lazima wafaulu watu wengi. Akifaulu mmoja tu duniani, nakala iliyofunguliwa inatembea yenyewe, na wa pili hadi wa milioni hawahitaji ujuzi wowote. Kijana wa Pasua hajui hata diski ile ilifungwa kwa kufuli gani. Hakuwahi kukutana nalo.

Haya si maoni yangu tu, ni historia. Kufuli la DVD liliitwa CSS, na ufunguo wake ulikuwa wa biti 40 tu. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15, alitoa yeye na wenzake wawili programu iliyolifungua. Alishtakiwa kwao, mahakama ikamwachia huru mwaka 2003, rufaa ilipokatwa ikamwachia tena mwishoni mwa mwaka huo huo. Kufikia hapo programu ilishazagaa dunia nzima.

Wenye filamu wakajifunza, wakasema diski za picha kali zitafungwa kweli kweli. Wakakaa pamoja makampuni mazito, Intel, Microsoft, IBM, Sony, Panasonic, Toshiba, Disney na Warner, wakatengeneza AACS. Hili lina ufunguo wa biti 128, na hisabati yake mpaka leo hakuna aliyeivunja. Hakukuwa na haja ya kuivunja. Desemba 2006 mtu aliyejiita muslix64 alionyesha kwamba programu ya kompyuta inapocheza diski, ufunguo hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, unachotakiwa ni kujua pa kuutazama. Alianza na HD DVD, ile iliyokuwa ikishindana na Blu-ray hadi Toshiba walipokubali kushindwa Februari 2008. Januari 2007 Blu-ray nayo ikafunguliwa kwa njia ya aina hiyo hiyo.

Kisha ikapatikana namba moja, ya baiti 16 tu, iliyofungua karibu kila diski iliyokuwa sokoni wakati ule. Wanasheria wakaandika barua kwa wenye tovuti kutaka ifutwe. Mei 2007 watu waliokasirika wakaitawanya kila mahali, wakaichapa kwenye fulana, wakaiimba. Ukitaka siri ijulikane, mkataze mtu kuitaja.

AACS ilikuwa na jibu lake, na ndilo jibu linalokugusa wewe mnunuzi. Funguo zikivuja, diski zitakazotoka baadaye hutengenezwa zizikatae. Aliyevujisha anatafuta ufunguo mwingine, na safari ile ya kwanza ufunguo mpya ulipatikana mwezi huo huo wa Mei. Lakini programu halali aliyoilipia mtu kwenye kompyuta yake haichezi diski mpya hadi aisasishe. Mwizi analala. Aliyenunua ndiye anayeamka kutafuta intaneti.

Likaongezwa kufuli la pili, BD+, programu ndogo inayokaa ndani ya diski yenyewe na kuikagua deki kabla ya kuiruhusu. Mchambuzi mmoja wa Marekani alitabiri halitafunguliwa kwa miaka 10. Diski za kwanza zilitoka Oktoba 2007, na kufika Machi 2008 kampuni moja ya kisiwa cha Antigua ilikuwa inauza programu ya kulifungua. Halafu kuna HDCP, kufuli la kwenye waya wa HDMI kati ya deki na TV. Ufunguo wake mkuu ulichapishwa hadharani Septemba 2010, Intel wenyewe wakakiri kwamba ndio. Diski za 4K zilipokuja mwaka 2016 zilikuja na AACS mpya, na mwaka uliofuata nakala zake zikaanza kuonekana.

Kwa hiyo mama mdogo alipouliza walimfungia nani, jibu ninalo kwa tarehe. Hakuna kufuli hata moja kati ya hayo lililomzuia anayenakili kwa biashara. Yote bado yamo ndani ya deki utakayonunua kesho, na yote yanafanya kazi juu yako.

Yanavyokupata wewe

Zoni ndiyo ya kwanza. Kwa Blu-ray dunia imegawanywa mara tatu. A ni Marekani yote ya kaskazini na kusini, pamoja na Japani, Korea na Asia ya kusini mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia. C ni India, China, Urusi. Sisi ni B. Diski ya ndugu yako wa Minnesota iliyofungwa A haitacheza kwenye deki iliyotoka Uingereza, na uliyobeba kutoka Mumbai ikiwa imefungwa C utaishia kutazama kava. Si zote zimefungwa. Studio nyingine huacha wazi. Geuza kava nyuma utafute herufi ndani ya alama ndogo yenye pembe sita. Zikiwepo zote tatu, A, B na C, umepona. Diski za 4K hazina zoni kabisa, na hilo ni jambo jema walilolifanya, ila zinataka deki ya 4K.

Ya pili ni usasishaji. Deki ya Blu-ray ni kompyuta ndogo, inahitaji kuongezewa programu mara kwa mara ili ikubali diski mpya. Hii maana yake intaneti au faili kwenye flashi, na maana yake umeme usikatike katikati. Nimepokea deki tatu mezani zilizokufa hivyo, LUKU imeisha wakati programu inaingia. Ukiwasha, taa inawaka, basi. Na kiwanda kikiacha biashara, huna uhakika wa kuletewa programu mpya. Oppo, waliokuwa wakisifiwa kuliko wote, walitangaza kuacha mwaka 2018. Samsung wakafuata mwaka 2019. Deki zao zipo kwenye mitumba, ni nzima, zinapendeza. Kila diski mpya inayotoka ni bahati nasibu.

Ya tatu, waya. Deki zilizotengenezwa baada ya 2013 haziruhusiwi kutoa picha kwa njia nyingine isipokuwa ya kidijiti, kwa hiyo tundu la njano halipo. Ukiwa na TV ya chogo, sahau. Projekta ya zamani ya ukumbi yenye tundu la VGA peke yake, sahau pia. Nilishamwona katekista amebeba deki kutoka Sakina hadi kigangoni na kurudi nayo, watoto wamekaa wanangoja. Hata kwenye TV mpya, ukipitisha HDMI kwenye kigawanyio cha bei rahisi, kufuli la waya linagoma na picha inakuja inakata, inakuja inakata. Watu hubadilisha waya tatu nne kabla ya kuja kwangu.

Ya nne ndiyo inayoniletea wateja wengi wasiojua. Tangu Februari 2012 kila deki mpya ya Blu-ray lazima iwe na kitu kinachoitwa Cinavia. Ni alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu, sikio haliisikii, na haifutiki hata ukirekodi kwa maiki. Mama mmoja wa Ngarenaro alinijia na deki kwenye mfuko wa Rambo: "Fundi, spika imekufa." Nikaiwasha mbele yake, ikaimba vizuri. Nikamwambia niachie. Akanijibu, "Subiri dakika ishirini." Tukasubiri, tukanywa chai. Kweli, katikati ya maneno sauti ikakatika, picha ikaendelea, na juu ya kioo pakatokea maandishi yenye neno Cinavia. Spika zilikuwa nzima. Muvi ilikuwa ya flashi ya dukani, na deki ilikuwa imeitambua. Nikachomoa ile flashi, nikaichomeka kwenye TV yangu ya mezani, ikacheza mpaka mwisho na sauti yake yote. Sheria ile inavibana vifaa vinavyocheza Blu-ray peke yake. TV, simu na vile visanduku vya Android havihusiki. Yaani kifaa pekee kilichomwadhibu yule mama ni kile alichokilipia zaidi.

PS4 badala ya deki

Hapa nina ushauri ambao wengi hawautarajii. Kama lazima Blu-ray, kabla ya kufikiria deki fikiria PlayStation (PS) iliyotumika, ile mashine ya gemu. PS3 na PS4 zote zinacheza Blu-ray. PS5 yenye tundu la diski inacheza na 4K, ile isiyo na tundu haichezi diski yoyote. PS4 Pro, pamoja na jina lake, haisomi diski za 4K. Usidanganywe na muuzaji.

Faida yake ya kwanza ni umeme. Deki nyingi za Marekani ni za volti 120, ukizichomeka kwenye 230 yetu unasikia mlio mmoja na harufu. PS4 inameza kuanzia 100 hadi 240 bila transfoma. Faida ya pili ni kwamba zoni yake inajulikana kabla hujalipa. Igeuze usome namba ya modeli: kwa nyingi, ambayo tarakimu zake zinaishia 15 ni ya Marekani na inacheza zoni A, inayoishia 16 ni ya Ulaya na inacheza B. Arusha zipo zote mbili. Kwa hiyo aliye na ndugu Marekani anatafuta ya 15, mwenye ndugu Uingereza au Ujerumani anatafuta ya 16. Kumbuka tu mara ya kwanza inahitaji intaneti kidogo ili ikubali kucheza diski, na kwamba DVD zake nazo zitafuata zoni ya huko ilikotoka.

Deki ya DVD

Hii sina maneno mengi juu yake, na huo ni sifa. Kufuli lake limekufa tangu 1999, limebaki kama komeo la mlango usio na ukuta, halimsumbui mtu. Zoni zake ni sita na sisi ni ya 5, lakini deki nyingi za Kichina zilizojaa madukani zinacheza zoni zote. Ina tundu la njano, hivyo TV chogo inakubali. Haihitaji intaneti. Umeme ukikatika unawasha upya, basi. Vumbi la kiangazi la Arusha likiziba lenzi, fundi yeyote anaisafisha au anabadilisha, na lenzi zipo. Bongo muvi za zamani, kwaya, harusi ya shangazi, vyote viko kwenye DVD au VCD na vitacheza. VCD haikuwahi kuwa na kufuli lolote, na sijamsikia msanii aliyesema ndicho kilichomfilisi.

Kasoro yake ni picha, nimeshaisema. Na diski mpya halali zinazidi kuadimika. Hata Netflix, hawa wa muvi za mtandaoni, walioanza kwa kutuma DVD kwa posta, waliacha kuzituma Septemba 2023.

Flashi

Maduka ya kurusha muvi yapo kila stendi, Arusha na Moshi. Unatoa flashi, unachagua kwenye orodha, unaondoka. Kwa urahisi hakuna kinachoifikia, na sitajifanya sijui kwa nini watu wanaipenda: ni njia pekee kati ya hizi isiyokuuliza uko nchi gani.

Lakini ujue unachopata. Filamu iliyokuwa GB 30 kwenye diski imebanwa hadi GB moja au mbili, na kwenye TV ya inchi 55 utaona, hasa gizani na kwenye moshi. Wakati mwingine kava inasema HD na ndani ni mtu aliyerekodi akiwa ukumbini. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo hata likiwepo zuri wanakupa lililobanwa. Virusi navyo husafiri humo humo. Usiichomeke kwenye kompyuta ya kazini.

Na pesa. Hata shilingi moja haimfikii aliyetengeneza. Kwa muvi za Hollywood watu hawajali, ila maduka yale yale yanarusha za kwetu, za vijana walioazima kamera na kulala njaa kwenye lokesheni. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo. Mimi sirushi muvi mezani kwangu, nilishaombwa mara nyingi. Kinachoniuma ni kwamba makufuli yale ya mabilioni hayakumlinda hata huyu wa kwetu. Kinachomlinda ni kuuza kwa urahisi na kwa bei ambayo mtu wa Unga Limited anaimudu. Akipata halali dukani kwa bei hiyo, atainunua. Nimewaona wakinunua.

Flashi yenyewe haina kosa. Kama una video zako, au za msanii aliyekuuzia faili mkononi, ndicho chombo bora kuliko vyote hivi. Weka nakala mbili, maana flashi hufa bila taarifa.

Bando

Netflix wenyewe wanasema picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili ni GB 6. Piga hesabu na bando unalonunua, kabla hujaniambia ni rahisi kuliko diski. Mwenye faiba nyumbani, Njiro au Shanty Town, hesabu yake ni nyingine, na kwake naona ndiyo njia ya kufaa kwa muvi za kutazama mara moja.

Kufuli liko pia, limejificha tu. Simu nyingi za bei ya chini hazina ngazi ya juu ya Widevine, kufuli la Google, kwa hiyo hata kioo kikiwa cha HD na hela ukiwa umelipa kamili, unapewa picha ya chini. Mteja analaumu mtandao wa simu, kumbe mtandao uko salama. Na siku kampuni ikiondoa filamu kwenye orodha yake, imeondoka. Mtoto aliyeizoea haelewi maelezo ya mikataba.

Kwa hiyo

TV yako iko chini ya inchi 40, au ni chogo, au uko mahali umeme na intaneti ni vya kubahatisha: deki ya DVD, usijisumbue. Una faiba na hupendi kurudia muvi: lipia mtandaoni, lakini ulizia simu au TV yako inapewa picha gani. Una kioo kikubwa, una ndugu nje anayeleta diski, na kuna filamu unazotaka ziwe zako miaka 15 ijayo: Blu-ray, kupitia PlayStation ya zoni inayolingana na ndugu. Deki ya Blu-ray ya mtumba bila kujua zoni yake wala kama kiwanda bado kinaitunza, nakukataza kabisa. Na kompyuta kwa diski za 4K, usijaribu. Njia halali ilitegemea kitu ndani ya prosesa za Intel ambacho Intel walikiondoa kuanzia kizazi cha 11, hivyo kompyuta mpya haiwezi kile ambacho ya zamani iliweza.

Kwa mama mdogo tulizipanga diski sakafuni, kava zikiangalia chini, tukisoma herufi. Kumi na mbili zilikuwa wazi kwa zoni zote na zikacheza pale pale. Tulikuwa na bahati mbaya tu ya kuanza na zile tatu. Kumi na tano zilikuwa A. Nne za 4K. Wiki mbili baadaye nikapata Arusha PS4 inayoishia 15, nikapanda nayo basi la asubuhi. Nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, nikaweka ile diski ya tatu, ile ya kijana wa jirani. Ikacheza. Kijana akaitwa, akavua viatu mlangoni, akakaa karibu kabisa na kioo. Kufika katikati akageuka akasema, "Bibi, hapa kwangu huwa ni cheusi tupu."

"Na zile nne?" mama mdogo akaniuliza.

"Zile ni za 4K, mama mdogo. Zinataka mashine nyingine."

"Ziweke pale juu ya kabati, zisipate vumbi."